Wadi Lisilojua Kiswahili

Siku yangu ya kwanza kutoka nje kikazi nilikwenda na baba yangu. Chekeni tu, kila mtu alicheka. Alikaa kiti cha nyuma cha Landrova, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake, thamosi ya kahawa mapajani. Mkuu wa Upimaji alipomuuliza yeye ni nani katika safari hii, alijibu kwa Kiarabu chake cha Kikwajuni kwamba yeye ni mzigo, na mzigo hauulizwi jina. Mkuu alicheka hadi akamfungulia kopo la nanasi. Tangu siku ile baba yangu akawa mtu wa idara bila ya mshahara, mpaka nilipoolewa.

Mimi ni Salama, mzaliwa wa Unguja, mstaafu wa Nizwa. Kwa karibu miaka arubaini kazi yangu ilikuwa kuuliza maji yanaitwaje. Mjukuu wangu, ambaye ni mhandisi na hupata jina la kila bonde kwa kugusa simu, aliniuliza juzi, "Bibi, hii kazi yako ilikuwa kazi, sahih?" Nikamwambia angoje, nitamjibu kwa maandishi. Nitakuelezeni basi kazi ilivyokuwa, nyinyi na yeye, na nitakuelezeni pia jina moja zuri nililoliandika nikijua kwamba si la kweli. Jina hilo lilikaribia kuua watu.

Tulipohamia Oman nilikuwa na cheti cha skuli na vidole vyepesi vya kupiga chapa, nikaajiriwa katika idara moja ya upimaji Maskati. Nchi ilikuwa inachorwa upya. Ndege zilikwisha kupiga picha za angani za kila mlima, na juu ya kila picha tuliweka karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, tukaandika namba kwa kalamu ya nta: wadi namba tatu, namba kumi na tisa, namba arubaini na moja. Namba tupu. Wapimaji wanaume walitumwa vijijini kuuliza majina wakarudi na nusu yake, kwa sababu vijijini maji yalikuwa mikononi mwa wanawake. Wao ndio wanaochota, wanaofua, wanaoosha vyombo na watoto, na mpimaji wa kiume hawezi kumfuata mke wa mtu mferejini na daftari mkononi. Ndipo Mkuu wa Upimaji, mtu wa Bahla, mfupi, mwenye sauti ya kuadhini, akaingia chumba cha wapiga chapa akanitazama.

"Unajua kuuliza?"

"Najua kupiga chapa."

"Kupiga chapa ni kuandika waliyosema wengine," akasema. "Kazi ni ile ile, ila huko kuna jua."

Kwanza nilifunzwa kuyatenga maji kwa aina zake. Wadi ni bonde la mawe, kavu mwaka mzima, mpaka mvua ikinyesha milimani ndipo linageuka mto kwa saa chache. Pale wadi linapotokea uwandani hutandika mchanga na changarawe, na mahali hapo huitwa batha: tambarare, pana, pazuri kwa macho. Likumbukeni neno hilo. Ghail ni maji yanayotiririka juu ya mawe hata kiangazi, ain ni chemchemi, na falaj ni mfereji wa kale unaoleta maji mashambani. Kisima chake cha kwanza, kule chini ya mlima, huitwa umm al-falaj, mama wa falaj. Nilipenda kwamba huku hata maji yana mama.

Kwa kila jina tulijaza kadi: jina lenyewe, aina ya maji, mashahidi watatu, na mstari wa mwisho nilioupenda kuliko yote, sababu ya jina. Karibu na Fanja palikuwa na chemchemi ndogo, Ain as-Sabr, chemchemi ya subira, kwa kuwa maji yake hutoka tone kwa tone na anayetega mtungi hana budi akae chini. Bibi mmoja alinambia nusu ya ndoa za kijiji kile zilipangwa pale, watu wakingoja mtungi ujae. Palikuwa na Ghail al-Arus, walipokuwa wakiogeshwa maharusi wa kike zamani. Ajuza aliyenitajia jina hilo alijifunika uso kwa shela akicheka, na mumewe, asiye na jino hata moja, akainuka akatoka nje kwa haya. Tukirudi garini baba alikuwa akizisoma kadi zangu kwa sauti, moja moja, na nyengine akizirudia. Sisi tulikuwa watu tulioacha majina yote tuyajuayo ng'ambo ya bahari, na sasa tunapewa mapya, kila moja na sababu yake. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja, na Mkuu wa Upimaji aliisema kila asubuhi kabla gari hazijatoka: "Mtu mmoja ni uvumi, wawili ni mazungumzo, watatu ndio jina."

Mwaka wa pili nilihamishiwa tawi la Ibra. Mkuu wa Tawi alikuwa kijana msomi, mkali, aliyependa kadi safi zisizo na mkwaruzo. Siku moja akanituma Hail Sidr, kijiji kidogo nyuma ya mji, penye mikunazi mingi na falaj moja, na juu yake wadi dogo, lile namba arubaini na moja.

Wanaume walitupokea sablani, yaani baraza yao ya wageni. Ikaja halwa, ikaja kahawa. Sheikh Rashidi, mkubwa wa kijiji, wakati huo mtu wa makamo mwenye ndevu nyeusi, alitia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Nikauliza jina la wadi lile kwa Kiarabu changu kibovu. "Wadi al-Khair," akasema Sheikh Rashidi bila ya kunitazama. Wadi la heri. Imamu akasema Khair. Arifu wa falaj, ambaye ndiye mgawaji wa zamu za maji, naye akasema Khair. Sababu ya jina? Kwa wingi wa heri zake, alhamdulillahi. Mashahidi watatu wamekamilika kwa finjani moja ya kahawa. Nikaitikisa finjani, ambayo ndiyo ishara ya kusema nimetosheka, nikaandika kadi yangu kwa hati nzuri kabisa.

Tulipotoka nilimwita baba, aliyekuwa amesimama kuangalia limau. "Baba, twende, jua kali!" Mwanamke aliyekuwa akisuuza sufuria ukingoni mwa falaj akaiachia sufuria, ikaenda na maji.

"Umesemaje?" akauliza kwa Kiswahili. "Sema tena."

"Nimesema twende, jua kali. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Alisema mara tatu, kisha akanishika mkono kwa mkono wake wa maji, na hakuuachia mpaka nyumbani kwake.

Aliitwa Bi Zuwena. Alikuwa mtu wa Tabora, aliletwa na mumewe miaka mingi nyuma. Mume alikwisha kufa na yeye akabaki na Kiswahili chake bila ya mtu wa kukisema naye. Alitupikia wali na papa mkavu. Tulipokuwa tunakula alinitaka nimtajie vitu, vitu vyovyote, apate kuvisikia: kisamvu, mbaazi, mwiko, kata ya maji. Baba yangu akamtajia aina saba za ndizi, na Bi Zuwena akacheka mpaka machozi. Kisha akauliza tunaandika nini katika hizi karatasi. Nikamsomea: Wadi al-Khair.

Akainuka akafunga dirisha la upande wa mlima, ndipo akakaa.

"Hilo ni jina la wageni," akasema. "Hapa mgeni hatajiwi jina baya. Ni aibu kwa mwenyeji, tena ni fali mbaya. Na mimi nilipokuja nilikuwa mgeni, wakasema Khair. Nikasema, kama ni Khair basi nitafulia pale, mawe yake mapana. Nilikwenda na binti yangu, Mwanaidi. Ana miaka sita. Mbingu nyeupe, mwanangu, wingu hakuna hata moja. Mvua inanyesha mlimani huko, mimi sijui. Maji yakaja yamesimama wima. Nilikuwa nimeshika nguo mkono mmoja na mtoto mkono mmoja." Akautazama mkono wake wa kulia. "Nilibaki na nguo."

Baba akaweka tonge chini.

"Siku ya tatu ya msiba ndipo wanawake waliponambia jina lake la kweli. Walilia wakinambia. Siku hiyo ndiyo niliyokuwa mwenyeji."

"Jina gani, mama?"

"Kwa Kiarabu silitaji. Wenyewe hawalitaji, wanasema likisikia linaitika. Lakini Kiswahili halikijui." Akaniinamia. "Mlaji. Linaitwa Mlaji. Kila kizazi linakula, na kila mara linakula mgeni, kwa kuwa mgeni ndiye asiyeambiwa. Wewe una kalamu. Utaandika?"

"Nitaandika, mama."

Vijana, msione ajabu. Waarabu kipofu humwita basiri, mwenye kuona, kwa kumtakia mema. Na sisi Unguja, nani aliyethubutu kumtaja nyoka usiku? Tulisema kamba. Kila mtoto alijua kamba ni nini. Katika wapimaji wote wa idara ile mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba jina zuri mno lina kitu nyuma yake. Lakini kamba ile tuliielewa kwa sababu tulizaliwa mle nyumbani. Mgeni akiambiwa kamba, ataiokota.

Nilirudi Ibra na kadi mbili. Mkuu wa Tawi aliigusa ya pili kwa ncha ya kalamu.

"Nani kasema?"

"Mwanamke mmoja."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Kwa lugha isiyokuwa ya mahali, shahidi mmoja, na jina lenyewe la kutisha." Akanirudishia. "Binti, hapa una watatu, wanaume, watu wazima, wanasema Khair. Utanifanya nicheke makao makuu."

Ningeweza kurudi Hail Sidr kesho yake. Ningeweza kukaa na wanawake wa kijiji siku mbili, tatu, nikawapata mashahidi wawili waliobaki. Sikurudi. Makarani wa tawi lile walikuwa wakiniigiza ninavyotamka Kiarabu, na nilichokitaka kuliko vyote wakati ule ni kuonekana kwamba mimi ni wa hapa, si yule wa kuleta hadithi za Afrika. Nikatia saini Khair. Katika kijidaftari changu cha kando nikaandika, "41. Mlaji. Kwa Mwanaidi," nikakifungia kwenye mtoto wa meza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliona haya, basi. Sina udhuru mwengine.

Baada ya Ibra nilipelekwa Sur, ambako maji ni ya chumvi na kadi zilihitaji aina mpya: khor, ambayo sisi Waswahili tunaijua vyema, ndiyo hori. Msimamizi wa Ramani wa huko alikuwa mzee mpole, alitembea na fimbo na kukohoa. Yeye ndiye aliyenifunza kazi kweli kweli. Alinitazama siku moja kwenye baraza ya watu nikitikisa finjani, akangoja mpaka tumepanda gari.

"Bi Salama, finjani ya kwanza ni ya mgeni," akasema. "Ya pili ni ya jirani. Jina la kweli, ukilipata, huja na ya tatu. Wewe unatikisa mapema mno."

"Kahawa inanipiga moyo, ustadhi."

"Basi unywe polepole. Ulipokuwa Ibra ulikuwa ukitikisa ya ngapi?"

Nilifanya hesabu kichwani ya kadi zangu zote za Ibra na niliona moja tu, ile ya wadi namba arubaini na moja.

Niliolewa Sur, nikazaa Sur, na baba akastaafu uzigo wake, kama alivyosema mwenyewe, kisha akafa huko huko, Mungu amrehemu. Kila nilipopita njia ya Ibra niliingia kwa Bi Zuwena na papa mkavu na unga wa muhogo. Kila mara alikuwa akifunga dirisha kwanza, halafu akiuliza, "Umeandika?" Nami nilikuwa nikijibu, "Kiko ofisini, mama." Haukuwa uongo. Kijidaftari nilihama nacho kila kituo, na kilikuwa ofisini, ndani ya mtoto wa meza, chini ya risala za zamani. Alinisadiki, na hilo ndilo lililonichoma. Alipofariki nilifika siku ya pili ya tanga. Wanawake wa Hail Sidr walinikalisha mbele, pamoja na jamaa, kwa sababu alikuwa akiniita binti yake.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Nizwa. Hapo nilikuwa mkuu wa kitengo cha majina, na Mkurugenzi wetu alikuwa kijana wa kutosha kuwa mwanangu. Mama yake mtu wa Unguja. Alikuwa akinisikia nikisema Kiswahili kwenye simu akitabasamu, lakini akijibu hujibu kwa Kiarabu. Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, mpango wa nyumba mpya uliletwa mezani kwangu kuhakikiwa majina. Viwanja vya vijana waliooa karibuni, watu wa kila mahali, watapewa kwa kura. Mahali penyewe ni Hail Sidr, kwenye batha, mdomoni mwa wadi namba arubaini na moja. Tambarare, pana, karibu na barabara. Wapimaji walikwisha kupiga vigingi, na wachoraji walikwisha kuupa mtaa jina kwa kufuata kadi yangu: Hayy al-Khair, mtaa wa heri.

Nilihesabu viwanja. Watu wote wale ni wageni, na hakuna hata mmoja atakayeambiwa. Nikafungua mtoto wa meza, nikachukua kijidaftari, nikaingia kwa Mkurugenzi bila ya kubisha hodi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Khala Salama," akasema, akiniita mama mdogo kwa heshima, "kadi ina saini yako."

"Saini yangu, na jina la uongo."

"Wahandisi hawana kipimo cha maji katika wadi dogo kama lile. Hawana la kusema, ndiyo wala siyo. Nikiusimamisha mpango kwa maneno ya marehemu mmoja wataniuliza nina nini mkononi." Akafikiri. "Unaijua kanuni. Niletee watatu. Nina wiki moja tu ya kuzuia karatasi hizi."

Nilikwenda Hail Sidr asubuhi yake. Sheikh Rashidi alikuwa mzee sasa, ndevu zote nyeupe, anatembea kwa kushikwa. Alinikaribisha kwa heshima kubwa. Kwa ajili ya uzee wetu alimwita mkewe, Bi Shamsa, akae nasi pale sablani, na alikuwepo arifu wa falaj, mtoto wa yule arifu wa zamani. Nikawaeleza habari ya viwanja na kura. Wakasikitika. Nikauliza jina la wadi.

"Khair," akasema Sheikh Rashidi. "Khair, inshallah khair."

Finjani ya pili. Nikauliza tena, nikasema kuna vijana watajenga pale, wana watoto wachanga. Arifu alitazama mkeka. "Khair, ya khala." Finjani ya tatu, ile ya Msimamizi wa Sur. Khair. Niliona wazi kwamba wanateseka. Macho yao yalikuwa dirishani, upande wa mlima, na midomo yao ikisema Khair. Walikuwa watu wema waliokatazwa neno tangu utotoni.

Nilichoka. Nilikuwa mwanamke wa karibu miaka sitini, moyo unanidunda kwa kahawa, na nilikuwa nimeshindwa. Nikaiweka finjani chini bila ya kuitikisa, na machozi yakanitoka, na nilipokuwa nalia sikulia kwa Kiarabu. "Nisamehe, Bi Zuwena," nikasema. "Nilikuahidi nikakudanganya. Sasa Mlaji atakula watoto wa watu na mkono wangu ndio uliomwandalia."

Kisha nikasikia Kiswahili safi cha Bara, kizito kwa kutu.

"Usimwombe radhi peke yako."

Alikuwa ni Sheikh Rashidi.

"Nilipelekwa Tabora mtoto mdogo, dukani kwa ami yangu, nikakaa miaka kumi na moja," akasema. "Mume wa Zuwena alikuwa sahibu yangu. Walipokuja hapa mimi ndiye niliyewapokea. Mimi ndiye niliyewaambia Khair. Niliwastahi. Nilitaka waipende nchi." Alisita, akitafuta neno. "Siku tuliyomtoa yule mtoto, sikusema tena Kiswahili. Niliona haya nacho. Na Zuwena alijua kwamba mimi ndiye, na hakunitaja kwa mtu."

Ni kweli. Miaka yote ile, katika mapishi na mazungumzo yote, hakunitajia. Alimsitiri.

"Wewe nawe ulipokuja na kalamu yako," akasema, "nilikwambia Khair mara ya pili."

"Basi niambie leo, sheikh. Wadi halijui lugha hii."

Akafumba macho. "Mlaji," akasema. "Jina lake ni Mlaji."

Nikamgeukia Bi Shamsa nimfasirie, kwa sababu yeye na arifu walikuwa hawajui Kiswahili. Lakini Bi Shamsa alikuwa ananitazama kwa mshangao. "Mlaji?" akasema, na akaendelea kwa Kiarabu. "Hilo tunalijua wote. Zuwena alitufunza wanawake. Tunawaambia watoto tangu wanatambaa: usiende huko, Mlaji. Mimi nikidhani ni neno la kutishia watoto wa Afrika, mpaka akatueleza kwamba tunaweza kulitaja bila ya khofu."

"Mama yangu alinambia hivyo hivyo," akasema arifu taratibu. "Mlaji."

Nilichukua kadi. Niliandika kwa haraka, hati yangu ikatoka mbaya, na sikujali. Jina linalotajwa kwa wageni: Khair. Jina linalotajwa na wenyeji: Mlaji. Mashahidi watatu. Katika mstari wa sababu ya jina niliandika kwamba wadi hili hufurika bila ya wingu kuonekana, na kwamba lilimchukua mtoto wa miaka sita aitwaye Mwanaidi, ambaye mama yake alikuwa hajaambiwa.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama. "Jina ni la lugha gani hili?" akauliza.

"Lugha ya mahali," nikasema.

Akausoma tena ule mstari wa mwisho. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanijibu kwa Kiswahili, kile cha kujifunza kwa mama jikoni. "Ahsante, khala. Mimi itasaini." Alitia saini. Viwanja vikapandishwa juu, kwenye kilima cha changarawe kisicho na uzuri wowote, na vijana walionung'unika kwa umbali wa barabara walinung'unika mbele yangu pia, nami niliwapa kahawa.

Nilistaafu mwezi uliofuata. Walinipa saa ya ukutani na picha ya angani ya Nizwa, iliyojaa majina, karibu nusu yake ya mkono wangu. Naitazama kila asubuhi. Ukiniuliza, mjukuu wangu, kama ilikuwa kazi, nitakwambia hivi. Simu yako imeandikwa Khair mahali pengi, na walioandika hawakuwa waongo, walikuwa ni watu waliotikisa finjani mapema. Ukifika mahali pageni kajenge urafiki kwanza na wanawake wanaofua. Nami nakuomba, usione haya na lugha yako mbele ya watu. Mimi niliona haya mara moja tu, na nusura mara hiyo moja iue watu.

Mwaka juzi mvua ilinyesha milimani siku tatu. Nizwa tulikuwa tunasikia tu khabari za barabara kukatika. Siku ya nne, baada ya alasiri, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Sheikh Rashidi, mzee mno sasa, haoni tena, mtu wa kwao alimbonyezea namba.

"Bi Salama," akasema kwa Kiswahili. "Mlaji kapita."

Nilikaa kwenye ngazi. "Kapita wapi, sheikh?"

"Pale pale kwenye vigingi vyenu vya zamani. Batha yote. Wanasema maji yalikwenda juu kupita kimo cha nyumba."

"Kachukua nani?"

"Vigingi," akasema. "Vigingi tu. Kaondoka na njaa."

Nikasikia kwamba analia, na kwamba hana haraka ya kuacha, nami sikumharakisha. Kisha akataja jina ambalo miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Mwanaidi," akasema. "Mwanaidi binti Zuwena." Tukamsomea Fatiha kwenye simu, yeye Hail Sidr na mimi Nizwa.